Nilishika Mche, Wewe Ukafukia

Nzioki, wewe uliyeitwa Musa na kila mtu isipokuwa mimi na mama yako,

Sijui salamu gani inamfaa mtu aliye chini ya ardhi, kwa hiyo nitaziruka. Nina maneno ya kukuambia kifuani tangu masika. Leo ni Jumapili, ghala limefungwa, nami nimekaa kitandani hapa Changamwe na karatasi juu ya sanduku la nguo. Mwandiko wangu unaujua. Darasa la tano halikunipa mwingine.

Nianze na hasira. Ulikufa alfajiri, na kabla ya alasiri ulikuwa umekwisha kuzikwa. Habari ilinikuta na gunia la mchele mabegani. Mtu wa Mtongwe anayefanya kazi bandarini alikuja mpaka mlango wa ghala akaniambia, "Kyalo, Musa hatunaye. Homa ilimpanda kichwani." Nikaomba ruhusa, nikakimbia, nikangoja feri, nikavuka. Nilipofika kwako niliwakuta wanaume wakirudi kutoka makaburini, mikono ina udongo, wananawa kwenye pipa lako la maji ya mvua. Kwetu maiti hungoja. Kwetu ungelala ukimngoja baba yako mdogo atoke Nairobi, ukingoja mbao, ukingoja wapishi, na mimi ningekaa karibu yako nikikusema vibaya kidogo kidogo mpaka nichoke. Huku walikuharakisha kama mtu anayengojewa mahali pazuri.

Nikamwuliza Hamisi, shemeji yako, ni akina nani waliokubeba.

"Sote," akasema. "Tulikuwa twapokonyana. Begani hata halijakaa sawa, mwengine ashalitwaa."

Walipokonyana jeneza lako, Nzioki. Watu ambao wengine ulikutana nao umeshaota mvi. Mimi nimebeba mizigo tangu tushuke lile lori lililotuleta Pwani: saruji, mbolea, mahindi ya msaada, vioo vya matajiri. Na mzigo mmoja ambao ningeubeba bila mshahara haukunifikia. Nilirudi Changamwe nimekuonea wivu, wewe maiti. Sikujua kama jambo hilo linawezekana.

Lakini wivu wenyewe haukuanza siku hiyo. Wewe ulijua. Nadhani ulijua, maana ulikuwa na tabia ya kunitazama usoni kila nilipokuwa nikisifu kitu chako, kisha unacheka peke yako.

Tulikuja sawasawa. Lori moja la mbuzi kutoka Mwingi, mwaka ule mvua ilipotupita tena ikaenda kunyesha kwa watu wengine. Kazi moja, chumba kimoja, sufuria moja. Kilichotupeleka ng'ambo ya maji ni jembe. Ulisema huwezi kuishi ukinunua unga wa dukani kama mtu asiye na mikono. Basi kila Jumapili tukawa tunavuka na feri kwenda Mtongwe kutafuta mahali pa kulima, mpaka tukaonyeshwa nyumba ya Bi Zuhura. Tulimkuta amekaa ukumbini akisuka ukili wa mkeka, na vidole vyake havikusimama kwa ajili yetu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wabara?"

"Ndiyo, Bi."

"Mwataka shamba. Nyinyi hamwezi kuona mchanga umelala."

Ulicheka, na nadhani ni kucheka huko kulikotupa kipande kile cha nyuma ya miti ya mikanju. Tupande mahindi na kunde, akasema, tukivuna tumpelekee chake, na tusiguse mti wala tusipande mti. Mimi nilidhani ni maringo ya mwenye mali. Kumbe ilikuwa sheria, na alitueleza baadaye kwa utaratibu kama anayefundisha watoto sala. Ardhi ni ya ukoo wake tangu mababu. Mahindi ni ya aliyeyapanda, naye akivuna hutoka akaenda zake. Lakini mnazi ni wa aliyeupanda, hata kama umesimama juu ya ardhi ya mwingine, nao huzaa miaka na miaka, na mtu hang'olewi penye mnazi wake. Anayejipandia mnazi bila idhini ni mwizi wa shamba. Na anayepewa mche na mwenye shamba, mkononi, amekwisha kukaribishwa, yeye na watakaomfuata.

Ile siku ya mche wa kwanza uliikumbuka vizuri kuliko mimi, kwa sababu kwako ilikuwa siku ya furaha. Misimu kadhaa ilikuwa imepita. Bi Zuhura alitoka kwenye kivuli cha banda lake ameshika mche wa mnazi, ile nazi yenyewe ikining'inia na majani mawili yamechomoza juu kama masikio ya sungura. Akatusimamia tukiwa tunapalilia.

"Hebu niambieni. Mwataka kukaa, ama mwapita?"

Mimi ndiye niliyejibu. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa mdomo kila mara.

"Bi, sisi tuna kwetu. Tukipata kidogo tutarudi."

Nilisema "sisi." Nilikuwa nimezoea kusema kwa niaba ya wawili. Nawe hukunitazama. Uliupangusa udongo kwenye jembe kwa kidole gumba ukasema, "Huyo asema yake, Bi. Mimi nakaa."

Hata Kiswahili chako kilikuwa kimeshaanza kugeuka. "Asema yake." Nilikiona siku hiyo kama mtu anavyoona ufa ukutani.

"Haya," Bi Zuhura akasema. "Wewe wa kukaa, chimba shimo. Na wewe wa kurudi, njoo hapa ushike mche."

Kwao mnazi haupandwi na mtu mmoja. Mmoja hufukia, na mwingine huushika mche wima mpaka udongo uukamate. Yule mshika mche ndiye shahidi. Mwenye shamba akifa, mpandaji akifa, ukija ugomvi, huitwa yeye, huweka kiganja chake juu ya mti na kusema nilishika au sikushika. Neno lake halipingwi. Nilimwuliza Bi Zuhura kwa nini nishike mimi nisiye na kitu pale, naye akanijibu kwamba ndiyo maana. Asiye na kitu ndiye huona vizuri.

Basi nilishika. Mwaka ule na miaka iliyofuata, kila alipokupa mche uliniita, nami nilivuka maji kuja kukushikia. Nilipiga magoti kwenye mashimo yako yote. Udongo uliingia kwenye kucha zangu, na mti ukawa wako.

Mnazi wa kwanza wewe ulitaka kuuua kwa ujuzi wako wa Ukambani. Bi Zuhura alimwaga chumvi ya kutosha ndani ya shimo kabla hatujashusha mche, na nikaona uso wako ukibadilika. Kwetu penye chumvi hapaoti hata magugu. Ulidhani bibi wa watu ametupa laana, au ametujaribu. Alipoingia ndani uliichota chumvi yote kwa kifuu ukaitupa njiani. Kesho yake mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga wanalamba njia.

"Leo nani kawapikia mbuzi?" Bi Zuhura akauliza. Na alipojua alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwanangu! Mnazi ni mtoto wa pwani. Wataka kumlea kwa maziwa?"

Ulirudisha chumvi kwa aibu. Ukazidisha, kwa vile wewe hukujua kufanya jambo nusu. Mnazi ule ukakua umeinama kidogo kuelekea njia, na watu wakauita Mnazi wa Mbuzi. Mitaro yako ya kukinga maji nayo waliicheka. Walisema Musa anachimba mahandaki ya vita, jeshi la majini lije lijifiche. Kisha kiangazi kimoja kikali kikaja, minazi ya wengine ikaangusha vidaka, nazi changa, na yako haikuangusha, na wakaja mmoja mmoja kukuazima jembe. Hata hilo nililionea wivu. Mitaro ile tulifunzwa sote na baba yako, kwenye mlima mmoja, kwa kiboko kimoja. Mimi niliitumia wapi? Sakafu ya ghala ni saruji.

Uliposilimu nilikutukana. Nilikuambia umeliuza jina lako kwa minazi.

"Jina langu analo mama," ukasema. "Na hawa hawajaniomba niuze kitu. Miche nilipewa kabla. Mimi nimechoka kula Idi yao nikiwa mgeni, Kyalo. Nataka na mimi nikaribishe watu."

Nilijibu kwamba ni kwa ajili ya Mwanasha, dada yake Hamisi. Ukasema na hilo pia lipo, ukacheka kile kicheko chako. Kwenye harusi nilivaa shati la kuazima, nikala pilau mpaka watu wakanitania, nami nikawa naitafuna kama mtu anayelipiza kisasi.

Dini sikukuonea wivu. Kila mtu na yake. Mke mwema hata mimi ningempata kama ningetuliza miguu. Nilichokuonea wivu ni namna ulivyopita njiani. Kutoka mlangoni kwako mpaka dukani ni karibu, lakini ulichukua muda mrefu kwa kuwa kila baraza ilikusimamisha. "Mzee Musa, za jana?" "Mzee Musa, mtoto ameamkaje?" Mzee! Tumezaliwa msimu mmoja. Mimi natoka chumbani mpaka ghalani na hakuna mtu anayenikatisha hatua. Msimamizi ananiita "wewe," na wapangaji wenzangu wananiita Mkamba, na kila baada ya muda wapangaji wenyewe hubadilika na inabidi nianze upya kuwa Mkamba.

Na madafu yako. Kila nilipokuja uliangua dafu, ukalikata kwa panga, ukanipa kwa mikono miwili. "Kunywa. Mti huu uliushika wewe." Ulidhani unanipa heshima. Nilikunywa. Maji yalikuwa matamu, na yalishuka yakikwaruza.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako, kwa sababu nimeambiwa wafu hawaletewi habari, nami sipendi ukae hujui.

Mwanasha aliingia eda, akakaa ndani na watoto. Hamisi akawa ndiye anayesimamia nje. Haukupita muda, Athumani akajitokeza. Unamkumbuka, mtoto wa Bi Zuhura, yule aliyekulia mjini kwa shangazi yake na kuja Mtongwe siku za sikukuu tu. Mama yake alipofariki, mwaka mmoja kabla yako, hakusema neno juu ya shamba. Ulipokufa wewe alisema. Amepata mnunuzi, na mnunuzi anataka shamba tupu lisilo na watu wala madai. Akamwambia Hamisi kwamba minazi yote ilipandwa na mama yake, kwamba Musa alikuwa kibarua aliyepewa mahali pa kulala kwa hisani, na kwamba Mwanasha akimaliza eda awachukue watoto warudi kwao, mtaa wa Shika Adabu. Hamisi akakataa. Mzee wa mtaa akasema jambo hili lina njia yake. Atafutwe mshika mche.

Bi Zuhura hayupo. Wewe hupo. Ukiutoa mkono wangu, minazi ile haina baba.

Athumani alinifikia kabla ya Hamisi. Alikuja mpaka ghalani, shati limenyooka, akasimama pembeni asiguswe na vumbi. Alinisalimu vizuri kuliko wewe ulivyowahi kunisalimu.

"Kaka Kyalo, wewe umeumia sana na kazi hii."

"Nimezoea."

"Mtu hazoei kuonewa. Nyinyi mlikuja wawili kwa mamangu. Mwenzio akapata, wewe ukakosa. Wallahi hilo huniuma."

Nilikuwa nimengoja miaka yote mtu aliseme hilo kwa sauti, na aliyelisema ni huyu.

"Ile pembe ya chini, karibu na mikoko," akaendelea. "Sitaiuza. Jenga. Panda. Nitakupa mche kwa mkono wangu, kama mamangu alivyompa Musa. Sitaki useme uongo. Sema tu hukumbuki. Ni zamani, nani atakulaumu?"

Kisha akanipa mkono, akaondoka, akijipangusa suruali.

Nzioki, sikulala vizuri wiki ile, na sikukataa. Nataka ulijue hilo. Nilimtazama akienda na sikumwita nimwambie hapana. Nilikwenda kazini nikijenga nyumba kichwani. Nilishaitia mlango unaotazama maji. Nilishachimba mitaro. Nilishakuwa Mzee Kyalo, na watu walikuwa wamenisimamisha njiani kuniuliza nimeamkaje. Nilijiambia kwamba wewe ulikunywa vya kutosha. Nilijiambia Mwanasha ana ndugu zake, watoto watakuwa, nami nina nani? Nilikuona umekaa kwenye mkeka unanitazama usoni na kucheka, nikakasirika, nikasema moyoni, cheka, safari hii nitacheka mimi.

Ijumaa baada ya sala walikusanyika kwako. Mzee wa mtaa, majirani, Hamisi, Athumani na rafiki yake mmoja. Mwanasha alikuwa ndani, dirisha limefunikwa kanga, lakini niliona kanga ikipumua. Nilipofika waliacha kuzungumza. Sijawahi kuwa mtu ambaye wengine wananyamaza akifika.

"Mshika mche ni wewe?" mzee wa mtaa akaniuliza.

"Ni mimi."

"Basi tembea. Sisi twakufuata."

Tukaanza na Mnazi wa Mbuzi. Nilikuwa bado sijaamua, naapa. Nilikuja na maneno yote mawili mdomoni, "nilishika" na "sikumbuki," na nilidhani nitachagua nikifika. Nikaweka kiganja. Sasa nikueleze, na usijivune. Gome lilikuwa na joto la jua, na mti umeinama vilevile. Nikakumbuka kwamba umeinama kwa sababu yangu. Siku ile ulipokuwa ukifukia nilikuwa nimegeuza uso nisikutazame ukifurahi, na mche ukalala upande mikononi mwangu bila mimi kujua. Wivu wangu wa kwanza umesimama hapo, Nzioki, mrefu kuliko nyumba, na watu wanapita chini yake. Ningesemaje siukumbuki?

"Nilishika," nikasema.

Athumani akakohoa. "Kumbuka vizuri, kaka."

"Nimekumbuka."

Baada ya huo ikawa rahisi, na ikawa vibaya. Kila mti nilioweka mkono nilikuwa nakupa wewe. Nilishika. Nilishika. Huu tulipanda mvua ikitunyeshea, ukaimba nyimbo za kwetu kwa sauti mbaya. Nilishika. Huu ulipanda binti yako Zuhura alipozaliwa, ukampa jina la bibi wa watu, na ukafukia huku machozi yanakutoka ukasema ni jasho. Nilishika. Nilitembea shamba zima nikitoa mali kwa mtu aliyekwisha kufa, na pembe ya chini karibu na mikoko nikaipita bila kuitazama, kama mtu anavyompita mwanamke aliyemkataa.

Kisha tukafika mlangoni, kwenye mnazi ule mnene ambao madafu yake yanasifiwa mpaka Likoni. Wote walikuwa wameshaanza kutawanyika, maana kila mtu anajua huo ni mnazi wa Musa. Wageni walikuwa wakikuambia, "Mnazi wako una sukari," nawe ukisema Alhamdulillahi, basi, huongezi.

Niliweka kiganja, nikasema, "Huu sikushika."

Hamisi aligeuka kama amepigwa. "Kyalo! Mti wa mlangoni?"

"Huu tuliukuta unazaa. Ni wa Bi Zuhura."

Ni kweli, nawe unajua ni kweli. Lakini nikuambie lote. Nilisikia raha kulisema. Tamu kama dafu lenyewe. Mti mmoja, huo mmoja tu, niliutoa mikononi mwako mbele za watu, na nikasimama wima. Na ajabu ni kwamba mti huo ndio uliookoa mingine. Mzee wa mtaa alimtazama Athumani, akasema, "Mtu anayetaka kupendelea angeanza na huu." Watu wakaguna kukubali. Mnazi wa mlangoni ukawa wa Athumani, mingine yote ikawa ya watoto wako, na mwenye minazi hang'olewi. Mnunuzi ameshatafuta mahali pengine, nasikia ni Bofu.

Athumani alinipita langoni. "Umejifungia mlango mwenyewe," akaniambia, bila hasira, kama mtu anayemwambia mwenzake kamba ya kiatu imelegea. Nikamjibu ndiyo. Kulikuwa na nini kingine cha kusema?

Kutoka dirishani, nyuma ya kanga, Mwanasha akasema, "Shemeji Kyalo. Mungu akuzidishie." Sikuona uso wake. Hakunilaumu kwa mti wa mlangoni. Nadhani na yeye alijua.

Nilipopata ruhusa nilikwenda kwetu, kumwambia mama yako mwenyewe. Habari ya kifo alikuwa nayo. Alitaka kujua umeacha nini. Ng'ombe? Nikasema hapana, mama, ameacha miti. Akauliza miti gani. Nikamweleza mnazi ulivyo, mrefu, majani juu tu. Akafikiri sana.

"Mti usio na kivuli," akasema. "Mwanangu alikuwa mtu wa ajabu." Kisha akalia kwa jina lako lote.

Kutoka hapo nilikwenda kwenye shamba langu, lile la "sisi tuna kwetu." Nilikuta mdogo wangu amelizungusha mkonge pande zote na kujenga katikati. Hakufanya kwa ubaya. Alinichinjia kuku. "Tulidhani umeshakuwa mtu wa Pwani," akasema. Nilimtazama nikaona anaamini anachosema. Nilikula kuku nikashukuru. Mtu ambaye hakutaka kukaa huku kwa sababu ana kwao sasa hana kwao kwa sababu amekaa huku. Ungeona uso wangu ungecheka, na safari hii nisingekukasirikia sana.

Kwa hiyo nimebaki Changamwe, na mgongo huu, na wivu huu. Umelala mahali ambapo watu wanajua njia ya kufika. Binti yako akipita hapo anatoa salamu. Mimi nikianguka ghalani kesho, wataanza kuulizana jina langu la pili.

Wiki iliyopita nilivuka. Eda imekwisha, Mwanasha ametoka, amekonda lakini anasimamia waangushaji nazi kama mwanamume. Zuhura aliniona kwa mbali akapiga kelele ndani, "Mama, ami amekuja!" Ami. Ndugu ya baba. Sijui nani alimfundisha kuniita hivyo, au alijichagulia. Nilisimama njiani nikijifanya natoa mwiba kwenye kandambili. Akanishika mkono akanivuta akitaka nimweleze baba yake alikuwaje alipokuwa mdogo, maana hapo hakuna mwingine anayejua. Nikamwambia siku nyingine.

Siku hiyo nyingine ni Jumapili ijayo, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwanza. Nisingetaka kukuahidi kwamba nitaacha kukuonea wivu. Ningekuwa nakudanganya, na wewe ulinijua mno. Nakuahidi kile ninachokiweza. Nitakuwa navuka. Nikikohoa njiani, hata kabla ya hodi, watajua ni mimi. Zuhura akiniuliza habari zako nitakusifu mpaka achoke kusikia, na hata uimbaji wako nitausifu. Nikirudi Changamwe nitafunga mlango na kukutukana peke yangu.

Pumzika, Nzioki. Musa pia, apumzike.

Ni mimi,
Kyalo